Njia Nne za Nyalikungu

Katika lugha ya Kisukuma pande nne za dunia huitwa sukuma, dakama, kiya na ng'weli, yaani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Jina la kabila lenyewe, kama wengi wajuavyo, ni jina la upande: Wasukuma ni watu wa kaskazini, kwa jinsi walivyotazamwa na ndugu zao Wanyamwezi walioko kusini. Yafaa mwalimu wa historia ayaweke maneno haya manne ubaoni kabla hajaanza kuwaeleza vijana habari za barabara, kwa sababu jambo la kwanza la kuuliza juu ya barabara yoyote si upana wake wala umri wake, bali ni upande inakoelekea, na ni nani aliyetaka ielekee huko.

Barabara tunayotaka kuieleza hapa huanzia Mwigumbi, wilayani Kishapu, mahali inapoachana na barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza. Kutoka hapo hukata mbuga kuelekea kaskazini mashariki mpaka Nyalikungu, mji ambao wageni huuita Maswa kwa kuwa ndio makao makuu ya wilaya ya Maswa. Kisha huendelea mpaka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, na mwisho huteremkia Lamadi, wilayani Busega, karibu na Ghuba ya Speke ya ziwa Victoria na karibu pia na ukingo wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Hapo hukutana na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, mpakani mwa Kenya. Urefu wake wote ni kilomita 171.8: kutoka Mwigumbi hadi Maswa ni kilomita 50.3, kutoka Maswa hadi Bariadi ni 49.7, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni 71.8.

Mtu aitazamapo barabara hii leo katika ramani huiona kama mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, akadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Kwa muda mrefu sana watu wa Nyalikungu hawakuwa na haja kubwa na mstari huo. Njia zao zilielekea kwingine, na kila zama zilikuwa na upande wake.

Njia iliyokuwa na sifa kuliko zote katika siku za watemi ilielekea kiya. Huko mashariki, baada ya kuvuka nyika ya Meatu, liko ziwa Eyasi, ambalo maji yake hukauka na kuacha chumvi. Vijana wa Usukuma walikuwa wakifanya misafara ya kwenda kuichota. Safari hiyo haikuwa ya mzaha. Nchi ya katikati ilikuwa na simba, ukame, na Wamasai na Watatoga ambao si kila mara waliwapokea wageni kwa wema. Kijana aliyerudi na mzigo wake wa chumvi alikuwa amevuka kizingiti cha utu uzima, na nyimbo za misafara hiyo zilibaki vinywani mwa watu hata baada ya chumvi ya dukani kufika. Sisi tunaopenda utungaji twaona kwamba hapa ndipo penye chemchemi ya sehemu kubwa ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Hatua ya mpagazi ilitoa mapigo, na mapigo yale yale yakahamia katika jembe.

Misafara ya pwani nayo ilielekea dakama, kupitia Unyamwezi hadi Tabora, na kutoka huko hadi Bagamoyo. Wasukuma wengi walikwenda kama wapagazi pamoja na Wanyamwezi. Habari hizi zimeandikwa mara nyingi, nasi hatutazirudia. Tutataja tu kwamba mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alivuka nchi ya Usukuma akitoka kusini, akafika Kageyi kando ya ziwa tarehe 27 Februari. Alipoanza kulizunguka ziwa kwa mashua aliuona mlango wa mto Simiyu, akaandika kwamba maji yake ndiyo maji ya Nile yaliyo mbali kuliko yote upande wa kusini. Wataalamu wa baadaye walikipeleka chanzo cha Nile upande wa mto Kagera. Hata hivyo mto Simiyu ulikuwa umekwisha kuingia katika vitabu vya Ulaya miaka mingi kabla ya gari la kwanza kuuvuka, na mwaka 2012 jina lake likawa jina la mkoa.

Mto huu na mwenzake wa Duma hutoka upande wa Serengeti na kutiririka kuelekea magharibi mpaka ziwani. Kwa hiyo mtu yeyote atakaye kwenda kutoka dakama hadi sukuma katika nchi hii hana budi kuivuka. Wakati wa kiangazi ni michanga mitupu, na ng'ombe hupita katikati. Mvua zikinyesha huko juu, maji huja kwa ghafula, na aliyekuwa ng'ambo hubaki ng'ambo.

Tatizo kubwa zaidi kuliko mito, hata hivyo, ni udongo. Wakulima wa Kisukuma wana elimu ya udongo ambayo wataalamu wa kilimo wa kikoloni waliikuta, wakaistaajabia, na kuiandika katika vitabu vyao kwa majina yake ya asili. Juu ya miinuko iko luseni, ardhi ya mchanga mwepesi. Chini yake iko itogolo, ardhi ngumu isiyopitisha maji upesi. Na bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mbuga ni neema na ni adhabu. Huzaa mpunga na dengu na malisho. Na jina Maswa lenyewe kwa Kisukuma ni majani. Lakini udongo huo ukilowa huvimba na kunata mpaka gurudumu huwa kama donge moja lisilozunguka, na ukikauka hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama waweza kuzama ndani yake. Barabara iliyolazwa juu yake bila kuuondoa hupanda na kushuka kila mwaka kama kifua cha mtu anayepumua. Wazee waliokuwa wakipita kwa miguu walijua hivyo, ndiyo maana njia zao zilifuata luseni, zikizunguka mbuga hata kama mzunguko ulikuwa mrefu. Wenye magari walipokuja walitaka kunyoosha, na mbuga ikawafundisha.

Wajerumani walipoitawala nchi, na Waingereza baada yao, njia za magari zilianza kukatwa. Zilikatwa kwa mikono. Kodi ilipokuwa haijalipwa, mtu aliweza kutakiwa kuilipa kwa siku za kazi, na kazi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ni barabara. Watemi na watwale wao ndio waliotakiwa kuwatoa watu. Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Kufanya kazi kwa pamoja hakukuwa jambo geni kwa Wasukuma. Vijana wa kila kijiji walikuwa na jumuiya yao chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, nao walilima mashamba ya wenzao kwa zamu, kwa nyimbo, na kwa malipo ya ng'ombe au pombe. Utawala wa kikoloni uliukuta mpango huo uko tayari, ukautumia. Tofauti ni kwamba katika shamba la jirani kijana alijua ni nani atakayekula nafaka ile, lakini katika barabara hakuambiwa.

Si kwamba kila kazi ya umma ya wakati ule ilikuwa ya shuruti tupu. Katika miaka ya 1920 Mtemi Makwaia wa Usiha, katika Shinyanga, aliwakusanya watu wake kwa maelfu wakafyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe, naye bwana Swynnerton, mtaalamu wa mambo ya mbung'o, akafanya kazi pamoja nao. Kazi ile watu waliielewa, kwa kuwa faida yake ilirudi zizini mwao. Na nchi iliyofyekwa ndiyo iliyofungua nafasi ya watu kukaa na ya njia kupita.

Jambo lililogeuza kabisa uso wa Nyalikungu lilikuwa ni reli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilipita magharibi ya Nyalikungu, penye stesheni ya Malampaka. Tangu hapo upande wenye maana ukawa ng'weli. Kila kitu kilielekea Malampaka. Njia ya chumvi ya kiya ilififia. Chumvi sasa ilishuka kutoka kwenye behewa. Na kilichopanda katika mabehewa kwa kubadilishana nayo kilikuwa ni pamba.

Historia ya pamba ya Usukuma yastahili kitabu chake. Hapa tutachukua lile tu linalohusu barabara. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba, na huvunwa kuanzia Mei. Ununuzi wake huwa katika miezi ya Juni, Julai na kuendelea, yaani kiangazi, wakati mbuga imekauka na mito imekuwa michanga. Lori la pamba basi lilipita bila shida hata katika njia mbovu. Twaamini kwamba hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya nchi yenye kutoa pamba nyingi namna ile ikae miaka mingi mno bila barabara ya kupitika majira yote. Barabara ya kiangazi ilimtosha mnunuzi wa pamba. Haikumtosha mama mjamzito wa mwezi Machi, wala mwalimu aliyengoja vitabu mwezi Februari, wala mkulima huyo huyo wa pamba ambaye chakula kilimwishia kabla ya mavuno na mahindi ya kununua yakawa ng'ambo ya mto.

Wakulima wenyewe walilitambua jambo hilo walipoanza kuishika biashara yao. Vyama vya ushirika vya pamba vilienea Usukuma nzima katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Ushirika ulileta mizani ya haki, maghala na viwanda vya kuchambulia pamba. Katika kila kijiji chenye ghala ilibidi iweko njia ya lori, hata ikiwa ni ya kusawazishwa kwa majembe. Ukichora ramani ya njia ndogo za Maswa na Bariadi, utaona kwamba nyingi ni za kuunganisha ghala na ghala, na zote pamoja huinamia reli. Ni kama mishipa ya jani inavyoinamia mshipa mkuu. Mshipa wa kwenda Bariadi na Lamadi ulikuwa mwembamba.

Baada ya uhuru utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, na jimbo la Ziwa likagawanywa kuwa mikoa. Maswa ikaingia mkoa wa Shinyanga. Wakati huo Maswa ilikuwa wilaya kubwa sana. Bariadi na Meatu zilimegwa kutoka humo baadaye. Mgawanyo huu ulileta upande mpya. Sasa mkubwa wa mkoa alikuwa Shinyanga, kwa hiyo jalada, mgonjwa wa rufaa, mtumishi aliyefuata mshahara wake na mzee aliyefuata kesi yake, wote walielekea dakama, kupitia Mwigumbi. Reli haikuweza kuwasaidia wale wa Bariadi. Kwa mara ya kwanza mstari wa kusini na kaskazini ulianza kuwa na uzito, si kwa sababu ya bidhaa, bali kwa sababu ya serikali.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Wasukuma hawakuwa na desturi ya kujenga kwa msongamano. Kila kaya ilikaa peke yake katikati ya mashamba na ng'ombe wake, ikizungukwa na uzio wa minyaa. Katika operesheni ile watu wengi walihamishwa wakapangwa kando ya barabara, nyumba zikitazamana kwa mistari. Mengi yamesemwa juu ya operesheni hiyo, mazuri na mabaya, na waliohamishwa kwa haraka hawakuusahau ugumu wake. Lakini tazama ilivyobadilisha maana ya barabara. Zamani barabara ilipita mbali na kaya, na mtu aliifuata alipokuwa na haja nayo. Sasa ilipita mlangoni. Mtoto alicheza kando yake, mama aliweka fungu la viazi na michembe kando yake, na barabara ilipokatika ni kijiji kizima kilichoona.

Nasi tulioanza utumishi katika miaka ya 1990 twaikumbuka njia hiyo ilivyokuwa. Kiangazi ilikuwa ni vumbi la kijivu, na mtu alishuka kwenye basi nyusi zikiwa zimezeeka. Masika ilikuwa ni hadithi nyingine. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizoharibu barabara nchini kote, abiria walizoea kushuka na kusukuma, kisha kupanda, kisha kushuka tena. Katika safari moja tulilala njiani usiku wawili kwa sababu ya mto, na wenyeji walitupikia ugali bila kuuliza majina yetu. Barua rasmi tuliyoibeba ilikuwa na neno HARAKA limeandikwa juu yake kwa wino mwekundu.

Lami ilikuja baada ya mambo mawili. La kwanza ni Mfuko wa Barabara ulioanzishwa mwaka 1998, ambao hupata fedha zake zaidi kutoka katika tozo ya mafuta, na Wakala wa Barabara ulioanza kazi mwaka 2000. La pili ni kuzaliwa kwa mkoa wa Simiyu mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Mara jalada la Nyalikungu likageuza shingo: lililokuwa likienda dakama likaanza kwenda sukuma. Mkoa usiokuwa na barabara ya kupitika kati ya makao yake makuu na wilaya zake ni jina tu.

Kazi haikufanywa kwa mfululizo kutoka ncha moja hadi nyingine. Kipande cha Lamadi na Bariadi kilitangulia, kikafuata cha Mwigumbi na Maswa, na kile cha katikati, cha Maswa na Bariadi, ndicho kilichokuwa cha mwisho. Kwa miaka kadhaa basi Nyalikungu ilikuwa na lami upande wa dakama, na Bariadi ilikuwa na lami upande wa sukuma, na kati ya ndugu wawili hawa waliotoka katika wilaya moja lilibaki vumbi lile la zamani.

Inafaa wanafunzi waelewe kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani lami ndiyo barabara. Lami ni ngozi tu. Katika mbuga, mjenzi hana budi kwanza kuuchimba ule udongo mweusi na kuutupa, kisha kuleta kifusi cha changarawe kutoka kwenye miinuko, kukimwaga tabaka kwa tabaka, kukimwagia maji na kukishindilia mpaka tuta liinuke juu ya usawa wa mafuriko. Chini ya tuta huwekwa makalavati ili maji yaendelee na safari yake ya kwenda ziwani. Tuta lisilo na kalavati za kutosha hugeuka kuwa bwawa, na bwawa hurudi kulila tuta. Juu ya hayo yote ndipo huja kokoto na lami. Kwa maneno mengine, mjenzi wa leo hupeleka luseni juu ya mbuga. Walichokifanya wazee kwa kuizunguka mbuga, yeye hukifanya kwa kuifunika.

Matokeo yake yanaonekana hata katika mambo ambayo mhandisi hakuyapanga. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ya Bagika na Bagalu, tangu zamani hufanywa baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni. Sababu mojawapo ni kwamba wakati huo ghala limejaa na mikono imepumzika. Lakini tukumbuke pia kwamba ndio wakati ambapo manju na wafuasi wake waliweza kusafiri kutoka kijiji hadi kijiji bila kukwama. Ngoma ilikuwa ya kiangazi kama pamba ilivyokuwa ya kiangazi. Siku hizi kikundi cha ngoma cha Ntuzu chaweza kualikwa harusini Shinyanga mwezi wowote kikafika. Ni faida, nasi hatuikatai, ingawa manju anayecheza kila mwezi hatangojewa kwa hamu ile ya aliyengojewa mwaka mzima.

Na walimu watapenda kujua kwamba katika miaka ya 2010 vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki, zikaitwa kwa jina la wilaya yao, na barabara hii ni mojawapo ya njia zinazozipeleka kwenye shule za mbali. Malori ya mpunga na dengu nayo hayangoji tena Julai. Mabasi ya kutoka upande wa Shinyanga yaweza kupitia Nyalikungu na Bariadi kwenda Musoma na Sirari bila kuizunguka Mwanza. Kwa hiyo mji uliokuwa kituo cha pembeni cha reli umejikuta katikati ya njia ya nchi mbili.

Lakini upande wa ng'weli nao haujasema neno lake la mwisho. Ujenzi wa reli mpya ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ulianza mwaka 2021, na Malampaka imo katika orodha ya vituo vyake. Habari zilipofika Nyalikungu, watu walianza tena kuihesabu ile njia ya zamani ya kwenda stesheni: mbuga ngapi, kalavati ngapi, na ni kipande gani hukatika kwanza mvua zikianza.